Mwendo wa Yakup

Jumanne asubuhi watu watatu walimwona Yakup Tozlu akivuka daraja la mawe kuelekea sokoni, na wote watatu walikosea.

Aliyeanza kupiga kelele ni muuza mikate ya ufuta. Uso hakuuona, maana kulikuwa na manyunyu na mtu yule alijifunika gunia kichwani. Alichokiona ni mwendo. Bega moja linapanda, linashuka, na kisigino cha kushoto kinagonga mawe ko, ko, ko. Hakuna mtu katika mji wa Amasya asiyeujua mwendo huo. Yakup alizaliwa na mguu wa kushoto mfupi, na fundi viatu humtengenezea soli nene upande mmoja.

"We Yakup! Polisi wanakutafuta mpaka Istanbul, kumbe uko hapa unapunga hewa?"

Mtu hakugeuka. Mwenye duka la dawa akatoka nje kutazama, naye akaapa kwamba ni yeye. Mwalimu mmoja mstaafu akapiga simu kituoni. Sajini Haldun alikimbia na mvua yake mpaka mbele ya hamamu kuukuu, akamdaka mtu yule ukosi, akamgeuza, akajikuta anatazamana na Duran, mwokota vyuma chakavu. Duran miguu yake yote ilikuwa mizima. Kilichokuwa kikimchechemesha ni viatu.

Yakup mwenyewe alikuwa mlinzi wa makumbusho madogo ya Jumba la Kadı. Alipotea Ijumaa usiku, na pamoja naye yakapotea marufaa ya kusomea Kurani, kazi ya mafundi wa enzi za masultani Waseljuki, ubao mmoja wa mjozi uliopasuliwa na kuchongwa ukafunguka pande mbili bila msumari wala gundi. Jumamosi mama yake alipata ujumbe kutoka simu ya Yakup: Mama nisamehe, nimekosa, naenda mbali. Simu ilikuwa kwenye kituo cha mabasi cha mji wa Samsun, na baada ya hapo ikazimwa. Mji haukuhitaji zaidi. Kufikia jioni hiyo hata watu waliokula naye chumvi walikuwa wakimwita mwizi.

Inspekta Meliha Karasu ndiye aliyekuwa na jalada hilo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye subira ya kuudhi. Aliingia chumba cha mahojiano akiwa na glasi mbili za chai, moja akaiweka mbele ya Duran. Haldun hakuletewa.

"Umevitoa wapi?" aliuliza.

"Mlangoni, afande."

"Mlango gani?"

"Mlango tu. Milango iko mingi."

"Ameviiba msikitini," Haldun alidakia. "Watu wamesujudu, yeye yuko nyuma anachagua saizi."

Duran akaweka glasi chini. Ndevu zake zilikuwa bado zinachuruzika maji. "Kaka, mimi nimeokota mpaka misumari jalalani, lakini kiatu cha mtu anayeswali sijagusa. Hivi ni vya maiti. Vya maiti haviibwi."

Haldun akasimama polepole, macho yamemtoka.

"Umesikia, afande? Amesema mwenyewe! Sisi tunatafuta mtu aliye hai, tumetuma picha mpaka mpakani, huyu anatuambia maiti. Wewe Duran, umejuaje Yakup amekufa?"

Mzee wa watu ndipo alipoona alipoingia. "Sikusema Yakup. Sikujua ni vya Yakup. Nilisema vya maiti tu."

"Na soli hii? Katika mji huu wangapi wana soli kama hii?"

"Nilidhani ni makosa ya fundi," Duran alisema, na Haldun akacheka kicheko kibaya.

Meliha hakucheka. Aliviinua viatu mezani. Vilikuwa vyeusi, vya ngozi, na chini ya tope la asubuhi ngozi ilikuwa bado inang'aa.

"Ulivikutaje?"

"Viwili pamoja, pembeni ya kizingiti. Vimepigwa kiwi. Kamba mpya. Ncha zinatazama njiani. Nikasoma Fatiha, nikachukua. Kuna kosa gani? Ulitaka viloe?"

Kosa halikuwapo. Hata Haldun alilijua hilo, maana bibi yake alipofariki yeye ndiye aliyetumwa kuviweka viatu vyake nje. Mtu akifa, viatu vyake hutolewa mlangoni, ncha zikielekezwa njia, na mwenye shida akipita huvichukua bila kubisha hodi. Ni tangazo la msiba na ni sadaka, yote mawili kwa pamoja, na hakuna anayeuliza nani kachukua.

"Mwambie inspekta ni nyumba gani," Haldun alisema, safari hii kwa sauti ya chini kidogo.

"Siwezi. Watu wamenipa kwa ajili ya roho ya marehemu wao, halafu mimi niwaletee polisi mlangoni?"

"Haya," alisema Meliha. "Mimi nikitaja nyumba, na nikikosea, utasema nimekosea?"

Duran akafikiri. "Hilo nitasema."

"Mtaa wa Hatuniye. Nyumba ya mbao inayoning'inia juu ya mto, dirisha la juu limepakwa buluu."

Duran akaichukua chai yake, akainywa yote, hakusema neno.

Nje ya chumba Haldun alimkimbilia. "Afande, usimwonee huruma. Nimeshampigia mwendesha mashtaka. Anasema mtu kavaa viatu vya aliyepotea, na kakiri kwamba ni marehemu. Kesho asubuhi anamfikisha mahakamani kwa mauaji."

"Umefanya haraka."

"Si ndiyo kazi?"

"Kazi ni kuuliza nani aliyevipiga kiwi," Meliha alisema, akavitia viatu kwenye mfuko wa plastiki. "Mpe mzee kandambili. Halafu washa gari."

Jumba la Kadı lilikuwa limefungwa kwa wageni. Mkurugenzi, Bwana Ferruh, aliwapokea akiwa amevaa tai na uso wa mtu aliyedhulumiwa na dunia nzima. Aliwapitisha kwenye chumba cha mazulia, kwenye chumba cha vinara vya shaba, mpaka kwenye kabati la kioo lililokuwa tupu. Mle ndani, juu ya kitambaa, paliachwa alama mbili zilizopauka, pale ambapo miguu ya marufaa ilikaa miaka mingi.

"Kioo hakikuvunjwa," alisema. "King'ora kilizimwa kwa namba ya Yakup. Sasa nyinyi mnataka nini tena? Mtu kaiba, kakimbia, na kaandika mwenyewe kwamba kakosa. Nendeni Istanbul!"

"Marufaa yakikunjwa yanakuwa ukubwa gani?"

Bwana Ferruh alionyesha kwa mikono. "Yanaingia hata kwenye begi la mgongoni. La mtalii."

"Watalii wanaingia na mabegi?"

"Hapana! Mabegi wanamwachia mwongozaji wao pale mlangoni."

"Waongozaji wana namba ya king'ora?"

"Hata kidogo." Akasita, kisha akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Labda Nazmi. Lakini Nazmi si mgeni, ni kaka yake Yakup. Alikuwa akimletea chakula cha mama yao kila zamu ya usiku. Yakup hawezi kupanda ngazi haraka, basi kaka yake alikuwa akimsaidia kufunga. Jamaa mwema sana. Tangu mkasa huu hata kulala halali."

"Jumamosi alikuwa wapi?"

"Kazini, masikini. Hata na msiba ule." Bwana Ferruh akajikosoa. "Na aibu ile, nataka kusema. Alipeleka Wajerumani kupanda ndege. Kila Jumamosi anapeleka watalii Samsun."

Haldun, aliyekuwa akisoma kibao cha maelezo ukutani, aliacha kusoma.

Nje manyunyu yalikuwa yamekatika. Ng'ambo ya mto, juu ya paa za nyumba za mbao, makaburi ya wafalme wa kale yaliutazama mji kutoka kwenye jabali, midomo myeusi iliyochongwa mwambani kabla hata ya Warumi. Mtu akikulia Amasya huacha kuyaona. Siku hiyo Meliha aliyatazama kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Afande," Haldun alisema ndani ya gari, "Nazmi kuwa Samsun si hoja. Yakup angeweza kuwa naye Samsun."

"Angeweza. Sasa niambie. Jumamosi asubuhi mimi na wewe tulipekua nyumba ya mama yake. Kwenye rafu ya viatu kulikuwa na nini?"

Haldun alikunja uso. "Kandambili. Viatu vya bibi. Na..." Akautazama mfuko wa plastiki.

"Na hivi. Viatu vyake vya Ijumaa na sikukuu. Nikajiuliza siku ile ile. Mtu mwenye mguu kama wa Yakup hawezi kuingia dukani akanunua viatu. Anakimbia moja kwa moja, halafu anaacha jozi pekee nzuri aliyo nayo?"

"Labda alikuwa na haraka."

"Labda. Lakini Jumamosi vilikuwa ndani, na baada ya hapo mtu kavitoa, kavifuta, kavitia kamba mpya, kavigeuza ncha. Mtu wa nyumba ile anajua kitu ambacho sisi hatujui. Mama anayemngoja mwanawe arudi kutoka Istanbul hagawi viatu vyake."

Mambo yalikuwa wazi sasa, na hayakuwa na raha yoyote.

Bi Döndü, mama yake Yakup, alifungua mlango wa nyumba ya dirisha la buluu kabla hawajabisha. Alikuwa mjane mkavu, mwenye kitambaa cheupe kichwani, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye mfuko wa plastiki.

"Karibu, mwanangu. Karibuni. Nazmi yupo nyuma anaosha gari. Nitie chai?"

"Usihangaike, mama. Nimekuletea kitu, uniambie kama ni chako."

Meliha aliviweka viatu juu ya zulia, kosa ambalo katika nyumba yoyote ile lingemfanya mama apige kelele. Bi Döndü hakupiga kelele. Alivitazama, akaketi kwenye kochi la ukutani chini ya dirisha.

"Nilivitoa sadaka," alisema. "Ameondoka, havimsaidii. Mtu mwingine avitumie."

"Sadaka ya kiatu unampa mtu mkononi, mama. Au unapeleka msikitini."

"Mimi nimeona niweke nje."

"Ncha zikitazama njia."

Bi Döndü akaanza kuvuta uzi kwenye ukingo wa kitambaa chake, akauvuta, akauvuta. "Mkono umeviweka tu. Mtu mzee hatazami ncha."

"Mama, baada ya Jumamosi uliletewa habari gani?"

"Hakuna habari."

"Nani aliyekuambia?"

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Nazmi aliingia akijifuta mikono kwa taulo, mwanamume mrefu mwenye sauti ya kazi yake, ile inayosikika mpaka nyuma ya kundi. "Inspekta! Mmempata? Nimesikia sokoni wanasema kaonekana. Nikasema haiwezekani, mdogo wangu yuko Istanbul, anajificha kwa aibu. Mama, usilie, nitakwenda kumtafuta mwenyewe." Ndipo alipoviona viatu juu ya zulia, na taulo likasimama mikononi. "Hivi mmevitoa wapi?"

"Miguuni kwa Duran, mwokota vyuma," alisema Meliha. "Hataki kusema kavipata wapi. Mwendesha mashtaka anataka kumfungulia kesi ya mauaji kesho."

Nazmi hakuchukua muda. Hapo ndipo alipojimaliza. "Basi ndiye! Si mnaona? Kama kavaa viatu vyake, ndiye aliyemuua. Mtu kama yule, analala magofuni, anaweza kumuua mtu kwa ajili ya kiatu. Mfungeni!"

Haldun, ambaye saa chache nyuma alisema karibu maneno hayo hayo, aliona haya.

"Kumbe Yakup ameuawa," Meliha alisema. "Ulipoingia hapa alikuwa Istanbul."

"Nasema kama. Nasema ikiwa..."

"Na simu yake ilikuwa Samsun Jumamosi. Wewe pia. Wajerumani wako watakumbuka mlisimama kituo cha mabasi. Nikiwaandikia watajibu, wale watu hujibu."

"Abiria walitaka choo. Kuna ubaya gani? Mama, mwambie. Mwambie Yakup alikuandikia."

Lakini Bi Döndü hakuwa akimsikiliza tena. Alikuwa amegeukia Meliha.

"Huyo mzee. Watamnyonga?"

"Hawanyongi siku hizi, mama. Watamfunga mpaka afe."

"Alisoma Fatiha alipovichukua?"

"Anasema alisoma."

Bi Döndü akatikisa kichwa mara kadhaa, taratibu. Alipozungumza, alizungumza na mwanawe, na hakupandisha sauti hata kidogo.

"Uliniambia kaanguka. Nikakuamini. Ukaniambia mama, ukisema watanifunga, utabaki na nani? Nikanyamaza. Nimekupikia supu, Nazmi. Mdogo wako yuko juu kule kwenye mapango ya makafiri, hajaoshwa, hajaswaliwa, watu wanamwita mwizi, na mimi nimekupikia supu ukainywa. Nilisema angalau viatu vyake vitoke, angalau hicho kimoja afanyiwe kama mtoto wa watu. Kumbe nimetoa sadaka ili wewe umpige nayo masikini."

"Mama, nyamaza. Kwa jina la Mungu, nyamaza."

"Waambie alipo."

Nazmi aliketi sakafuni. Haldun alisogea mlangoni, lakini hapakuwa na haja.

"Kwenye njia ya chini kwa chini, nyuma ya kaburi la mwisho," Nazmi alisema. "Ile waliyoifunga kwa sababu ya mawe yanayoporomoka. Ufunguo wa geti ninao, waongozaji tunao. Marufaa nayo yako naye. Kulikuwa na mtu wa Istanbul anayataka. Wageni hawaji tena kama zamani, inspekta, nimeuza mpaka pete ya mke wangu. Nilimwambia Yakup nipe siku mbili tu. Akanifuata mpaka juu. Na mguu ule! Akapanda ngazi zote zile akiniita kaka, kaka, yarudishe kabla ya alfajiri, hakuna atakayejua. Akanishika mkono. Nikamsukuma anitoke. Akaanguka, akafa, nikamficha mle. Ilikuwa bahati mbaya, wallahi."

Meliha aliinama mpaka uso wake ukalingana na wa Nazmi. Sauti yake haikubadilika.

"Ulimsukuma ukutani au upande wa bonde?"

"Sikumbuki. Kulikuwa na giza."

"Unakumbuka. Njia ya kupandia makaburini ni nyembamba, nimeipita. Anayepanda, mwamba uko kuliani kwake na bonde liko kushotoni. Mguu wake wa kulia ndio uliokuwa mzima. Mtu akimsukuma kuelekea mwamba, anasimama. Wewe umekua naye, umemshika mkono tangu anajifunza kutembea. Mji huu wote hakuna aliyejua kuliko wewe ni upande upi hawezi kujizuia."

Nazmi alifunika uso kwa taulo. Kisha akasema jambo moja ndani ya taulo, kwa sauti isiyofanana kabisa na ya kazi yake.

"Kushoto."

Bi Döndü alitoa mlio mdogo, kama mtu aliyechomwa na sindano. Mpaka dakika hiyo alikuwa mama wa mtu aliyeangukiwa na balaa. Sasa alijua alichokuwa amekilinda, na Meliha, aliyelitafuta neno hilo kwa sababu bila neno hilo kesi ingekuwa nusu, alitamani angelipata nje, uani, popote mama asiposikia. Lakini lilikuwa limeshatoka.

Haldun akamnyanyua Nazmi, akamfunga pingu mikono nyuma. Meliha akapiga simu. Akaomba watu wa zimamoto na kamba zao, daktari wa serikali, na taa. Akaomba pia Duran aachiwe sasa hivi, na mwendesha mashtaka aambiwe kwamba inspekta atampigia mwenyewe. Alipokata simu, Bi Döndü alikuwa amesimama katikati ya chumba, kitambaa chake amekifunga upya, vizuri, kama mtu anayejiandaa kupokea wageni.

"Mwanangu," alisema, "mkishamshusha Yakup, mtanipa lini?"

"Daktari lazima amwone kwanza, mama. Labda keshokutwa. Nitakuja kukuambia mwenyewe."

"Ataoshwa?"

"Ataoshwa."

"Na hizi pingu." Alimwonyesha Nazmi kwa kidevu, bila kumtazama. "Ni lazima zishike mikono yote miwili?"

"Kwa nini unauliza, mama?"

"Jeneza lina pembe nne. Mume wangu hayupo. Kaka zangu wamekufa. Jirani hawatakuja kumbeba mtu waliyekuwa wakimwita mwizi, na wakija, watakuja kwa aibu. Yakup alikuwa na ndugu mmoja tu." Alivuta pumzi. "Simwombei asamehewe. Mfungeni, mfanyeni mnavyofanya. Lakini kaka yake atambeba. Ausikie uzito wake begani mpaka makaburini."

"Mahabusu haachwi mikono huru, mama," Meliha alisema. Alitamani pangekuwa na namna nyingine ya kulisema. "Sheria haina nafasi hiyo."

"Basi mfungeni mkono mmoja na mkono wa huyu kijana wenu. Wabebe pembe moja wawili."

Nazmi alianza kulia kwa sauti. Hakuna aliyemgeukia. Meliha alikuwa bado anatafuta maneno ya kumjibu mama, maneno ya kazi, yenye ruhusa na saini za wakubwa, Haldun alipoinua kichwa mlangoni na kusema bila kumngoja:

"Nitambeba, mama. Mimi nitafungwa naye."